Mama, Nilisema Kishi, Si Keshi

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini hukunilea nianze habari kabla ya salamu. Basi nimesalimu.

Ma mkubwa Adelina amekula yai.

Nimeiacha sentensi hiyo isimame peke yake ili upate nafasi ya kukaa vizuri. Dada yako mkubwa, yule aliyekuwa akizunguka nyumba nzima ili asipite karibu na kikaango chenye yai, amekula yai mchana kweupe, sebuleni kwangu hapa Ilemela, mbele ya Mjomba Felisiani, mbele ya mwanao Deo na mkewe, mbele ya picha yako. Hakulazimishwa. Hakudanganywa. Alikula, akaomba aongezwe. Na aliyepika ni mimi. Leo acha nijisifu, Mama, maana wewe peke yako ndiye uliyeweza kunisikiliza nikijisifu bila kununa.

Ilikuwa Jumamosi iliyopita, baada ya misa yako ya mwaka. Lakini nianzie nyuma, kwa kuwa hukupenda habari inayorukwarukwa.

Nyumba ipo. Zile ngazi za mawe ulizokuwa ukizilaani kila ukipanda, nimeziwekea bomba la kushikilia. Ndiyo, sasa, baada ya wewe kuondoka, usiniangalie hivyo. Kuku wako wapo wote na wamezaana, kwa sababu wakati wa msiba nilikataa wasichinjwe, watu wakasema Kemi ana roho ngumu, anaona bora kununua nyama. Waseme. Wale walikuwa kuku wako, si kuku wa msiba. Kiti chako bado kiko mlangoni mwa jikoni. Nilikitoa mara moja nikakipeleka stoo, nikajikwaa siku tatu mfululizo mahali ambapo hakipo. Nikakirudisha.

Na sikaangi tena maandazi barabarani. Napika vitafunwa vya sherehe humu humu nyumbani, watu wanaagiza, na kinachoagizwa kuliko vyote ni kile ulichokiona kikizaliwa. Kishi. Wewe uliita "hiyo chapati yenye ukuta," na mpaka leo sijasikia mtu aliyeieleza vizuri zaidi. Mteja akiniuliza kishi ndiyo nini, namwambia: ni chapati yenye ukuta, ndani tumemwaga mayai na maziwa, tumetia mboga na jibini, tukaoka mpaka ikashika. Anaelewa hapo hapo. Hajui kwamba anaongea na marehemu.

Unakumbuka ile ya kwanza? Nilikuwa nimeionja kwenye semina mjini, kipande chembamba kama kitabu cha sala, nikarudi nyumbani nikakwambia, Mama, hii nitaiweza. Ukasema, "Jaribu, moto upo." Nikajaribu. Ilitoka uji wenye karoti. Nikainamisha chombo, maji ya kijani yakatiririka mezani hadi kwenye kanga yako. Ukayatazama, ukasema, "Mwanangu, umetia mchicha pamoja na mto wake."

Ndipo ulipoomba sufuria ya mchicha, ukakaa kwenye kile kiti, ukaukamua kwa mikono ile ambayo tayari ilikuwa imekonda, konzi kwa konzi, mpaka kila konzi ikawa ndogo kama kokwa la parachichi. Kazi ya kukamua ilikuwa yako tangu siku hiyo. Mimi nikabaki na hesabu. Maana watu wa kwenye video, Mama, wanakera. "Weka maziwa kiasi." Kiasi ni nini? Kiasi ni neno la mtu asiyetaka ufanikiwe. Nikatafuta mwenyewe. Nikavunja yai kwenye kikombe cha kupimia, nikajazia maziwa mpaka nusu kikombe. Kila yai na nusu kikombe chake, hapo kishi inashika bila kuwa mpira na bila kuwa supu. Chapati ya chini: unga sehemu tatu, siagi mbili, maji ya baridi moja, kwa mizani. Siagi itoke kwenye friji, na ukande asubuhi kabla mawe ya mlima huu hayajapata jua, kwa sababu yakishapata jua siagi inakuwa mafuta na ukuta unaanguka. Kisha chapati iokwe kwanza peke yake, imelaliwa na maharage makavu juu ya karatasi ili isiumuke. Uliyaona yale maharage ukashika kichwa: "Maharage mabichi kwenye oveni! Kemi, tumefikia huko?"

Na mayai uliyachagua wewe. Uliyatumbukiza kwenye beseni la maji, moja moja, ukisema yale maneno yako: "Linalolala ni la leo. Linalosimama ni la juzi. Linaloelea mpe mbwa, na mbwa akikataa usimlaumu." Ulikuwa umeyaokota mayai tangu utoto wako huko Muleba, ukayaosha, ukayauza, ukayachemsha, ukawamenyea wengine. Ulilijua yai kwa uzito wake kiganjani. Hukuwahi kulionja.

Kishi ya nne ndiyo iliyosimama. Niliikata, kisu kikapita kikatoka kikavu, kipande kikasimama chenyewe kwenye sahani, jibini imepata rangi ya kahawia juu, mchicha na hoho vimejipanga ndani kama kitambaa. Ukainusa ukasema, "Nyumba inanukia harusi." Nikakukatia kipande. Ukaisukuma sahani kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayerudisha mlango bila kuufunga.

Nilikasirika siku ile. Sikukwambia yote. Sasa nakwambia.

Nilikasirika tangu zamani, Mama. Nilikasirika tangu yai la Deo. Kila siku ya mtihani ulimchemshia Deo yai, na mimi nikapewa ndizi. Tena mimi ndiye niliyekuwa nikilichemsha. Nalitoa kwenye maji, nalipuliza, namwekea mwanaume mdogo wa nyumba, naye analimenya akiniangalia usoni, anakula nusu, anauliza, "Unataka kunusa?" Tulifanya mtihani wa darasa la saba pamoja kwa sababu yeye alikariri darasa. Yeye na yai lake, mimi na ndizi yangu. Nikamzidi kwa masomo yote isipokuwa michezo. Mjomba Felisiani alipoletewa habari akasema, "Msichana akizidi sana ataharibika." Hakuna aliyesema labda yai halina kazi.

Kwetu mwanamke halili yai. Halili kuku, halili senene, wale panzi anaowakamata na kuwachambua mwenyewe mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Hukuniambia kwa nini. Niliuliza, ukasema, "Ni mwiko." Nikauliza mwiko ni nini, ukasema, "Ni kitu kisichoulizwa." Hapo nikanyamaza mdomo, kichwa hakikunyamaza.

Nilipokuja Mwanza kutafuta maisha, mshahara wangu wa kwanza wa kuosha vyombo nilinunua chipsi mayai. Nilikaa kwenye benchi, nikageuka nyuma kwanza, nikaangalia kama kuna mtu wa Muleba. Kisha nikala. Nilipofika nyumbani wiki ile ulinikumbatia, ukavuta pumzi, ukasema neno moja tu: "Kanawe." Hukunipiga. Hukunisemea kwa mtu. Nikajua kwamba umejua, nawe ukajua kwamba nimejua.

Ila siku ile ya kishi ya nne, niliposema kwa hasira kwamba Mama huogopi chochote duniani, unaogopaje yai, ulinijibu jibu ambalo limekaa ndani yangu mwaka mzima. "Si woga, Kemi. Mimi nilimwahidi mama yangu. Wewe hujamwahidi mtu."

Nilitoka nje nikaenda kuyaangalia maji ya ziwa. Nilikuwa na majibu kumi ya kukupa, yote mazuri, na hakuna hata moja lililoweza kusimama mbele ya hilo.

Halafu ugonjwa ukakaza. Nesi akaja na ushauri wake: maziwa, samaki, mayai, ndizi mbivu. Vitatu ulivikubali. Nilikuwa nakupikia uji, na ningeweza kukoroga yai humo ndani usijue. Sema ukweli, ungejua, pua yako! Lakini ningeweza kujaribu. Ulinishika mkono kabla sijafika huko hata kwa mawazo. "Usinidanganye kwenye kijiko," ulisema. "Popote pengine nidanganye, nitakusamehe. Si kwenye kijiko." Sikukudanganya. Sisemi yai lingekuponya. Daktari alishatueleza mapema kwamba njia ilikuwa moja. Ila niliwakasirikia wote moyoni mwangu, kuanzia bibi yangu hadi Mjomba, kwa kukufunga na ahadi ambayo wao wenyewe haikuwagharimu kitu.

Kwa hiyo ilipokaribia misa ya mwaka, niliamua. Pilau itakuwepo, ndizi zitakuwepo, samaki watakuwepo. Na katikati ya meza patakaa kishi nne, nimepika mimi, na nitamkatia kila mtu wa familia, wake kwa waume, na nitataja kilichomo. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu mwanamke wa umri wako, wa nyumba yako, awekewe yai mbele yake kwa jina lake, achague mwenyewe hadharani. Akikataa, amekataa. Lakini aulizwe.

Nikamtumia Deo ujumbe wa sauti auandike na kuupeleka kwenye kundi la familia, maana wazee wa Muleba wanasomewa na wajukuu. Nikasema, kwa sauti yangu hii, kwamba baada ya misa nitatoa kishi kwa kila mmoja.

Sasa mjue Deo wako. Deo hajawahi kusikia neno kishi. Amenisikia vizuri kabisa, akaamua kwamba dada yake ameteleza ulimi. Akanisahihisha. Akaandika: "Dada Kemi anawataarifu kuwa baada ya misa ya Mama atatoa keshi kwa kila mmoja. Tusikose."

Hawakukosa.

Mama, ulipolazwa nilipiga simu Muleba mpaka sikio likawaka moto, nikapata "tunawaombea." Kwa keshi walikuja watu ambao sikujua tuna undugu nao. Kuna mzee alijitambulisha kama mtoto wa shemeji wa baba yako mdogo. Nikamkaribisha, nikampa kiti. Ma mkubwa Adelina yeye angekuja hata bila kitu, huyo simhesabu. Mjomba Felisiani alifika kwa Deo kule Butimba tangu Alhamisi, amevaa koti la harusi na amebeba mkoba wa ngozi ambao, mke wa Deo aliuinua akasema, ulikuwa mtupu. Walishajiambia kwamba umeacha fungu mahali na mimi nimekaa nalo mwaka mzima.

Mimi sikujua lolote. Niliona tu watu ni wengi, nikafurahi kwamba unapendwa.

Asubuhi ya Jumamosi nimeshakanda, ukuta umesimama kwenye vyombo vyote vinne, maharage yamelala juu yake, nimewasha oveni. Umeme ukaondoka. Nilisimama mbele ya ile oveni baridi nikatukana tusi ambalo ulinikataza. Mama Shija, jirani yetu wa jiwe la juu, akachungulia ukutani akaniambia kwa Kisukuma chake kilichochanganyika, "Wewe Kemi, mama yako alikuwa akioka mikate kwa umeme wa nani?"

Nikacheka nikajikuta nalia. Kisha nikashusha masufuria makubwa. Mchanga chini, chombo cha kishi ndani, mfuniko, makaa juu. "Juu moto wa mkwe, chini moto wa mtoto," ndivyo ulivyonifundisha, makaa mengi juu na machache chini, ili chini pasiungue kabla juu hapajaiva. Ila kwa kishi nimegundua lazima nikubadilishie sheria kidogo, Mama, usinune: chapati inapookwa peke yake, chini panahitaji moto wa mkwe pia, la sivyo inabaki mbichi kama udongo. Halafu mayai yakishamwagwa ndipo unaondoa makaa ya chini na kurudisha hesabu yako. Mama Shija alihamisha makaa kwa koleo, mimi nikasikiliza masufuria. Kishi ikikaribia kuiva inaacha kunong'ona. Zote nne zilinyamaza. Tukawahi misa.

Padri alikusema vizuri. Alisahau jina lako la pili. Ma mkubwa akamkumbusha kwa sauti kutoka benchi la tatu.

Tulipofika nyumbani, kabla hata sijavua viatu, Mjomba akanivuta pembeni kwenye korido. "Mwanangu, lile jambo tulimalize kabla ya chakula. Watu wakishiba wanapiga kelele."

"Jambo lipi, Mjomba?"

"La keshi."

Mimi nikasikia kishi. Nikafurahi! Nikadhani amekuwa na hamu. "Ipo jikoni, Mjomba. Imefunikwa, inapoa kidogo."

"Inapoa?"

"Ikikatwa ya moto inamwagika."

Alinitazama kama anayetazama mtu aliyerukwa na akili. "Na kila mmoja atapata ngapi?"

"Kipande kimoja kimoja kwanza. Ikibaki, wenye nguvu waongeze."

Akarudi sebuleni akakaa na mkoba wake magotini. Nami nikatoka na kishi mbili mikononi, Mama Shija nyuma yangu na mbili, tukaweka mezani, nikafunua kitambaa, nikatangaza kwa fahari, "Ndugu zangu, kishi ndiyo hii."

Mama, ungeziona sura zile. Kisha Deo akashika paji la uso, akasema polepole, "Dada... kumbe ulisema kishi?"

"Wewe uliandika nini?"

Akanionyesha simu. Nilisoma mara moja. Mama Shija alisoma begani kwangu, na huyo ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ma mkubwa akasomewa, akacheka bila sauti, mabega tu, machozi yanamtoka, huku akimpiga Deo kwa kanga: "Waitu, jamani, umetutoa Muleba kwa ajili ya chapati!" Yule mtoto wa shemeji wa baba yako mdogo alicheka pia, kwa heshima, kisha akauliza basi la mwisho linaondoka saa ngapi.

Mjomba hakucheka. Mtu aliyefedheheka hutafuta mahali pa kuitua fedheha yake, naye akapapata. Akanyoosha kidole mezani. "Na hicho kimetengenezwa kwa nini?"

Nikaanza. Unga. Siagi. Maziwa. Jibini. Mchicha, karoti, hoho, vitunguu. Nikafika hapo nikaiona njia rahisi imelala mbele yangu: ningeishia vitunguu. Wangekula wote. Ma mkubwa angekula akasifu, na mimi ningekuwa nimemdanganya kwenye kijiko.

Nikasema, "Na mayai. Sita kwa kila moja. Ishirini na nne kwa jumla."

Alisimama. "Mayai! Umewaita wanawake wa ukoo huu kuja kula mayai? Kwenye kumbukumbu ya dada yangu, mwanamke ambaye hakuwahi kugusa yai maisha yake yote!"

Hapo ndipo kitu cha miaka yote kilipopanda, Mama, na kilipanda kwa mpangilio, sikupayuka. "Aliyagusa yote, Mjomba. Aliyaokota, akayaosha, akayapima kwenye maji, akayachemsha, akakumenyea wewe ukiwa mdogo, akammenyea Deo. Tulilelewa na mayai ya mama yangu. Ada zangu zilitoka kwenye mayai yale. Kuyagusa aliyagusa kuliko mtu yeyote humu ndani. Alichokosa ni kuyaweka mdomoni tu. Na alikosa kwa sababu aliahidi, na ahadi yake aliitunza mpaka mwisho, hata nesi alipomwomba. Hakuna wa kumdai. Lakini hawa wengine sijui waliahidi nini. Ndiyo maana nawauliza. Anayetaka, nimkatie. Asiyetaka, ndizi zipo."

Hakuna aliyesogea. Mke wa Deo, ambaye anakula chipsi mayai kila Ijumaa pale Butimba na mimi nimemwona, alikuwa anachunguza kucha zake. Wote tulikuwa hivyo, Mama: mjini tunakula, mbele ya wazee tunachunguza kucha. Nilisimama na kisu mkononi, nikawaza kwamba nimeiharibu siku yako.

Ma mkubwa Adelina akasema, "Leta hapa."

Mjomba akageuka. "Dada, ameshasema kuna mayai."

"Sikungoja aseme. Nimelinusa yai tangu mlangoni. Miaka yote nimekupikieni, mnadhani pua nayo ilikuwa na mwiko?"

Nikamkatia. Kipande kikasimama, Mama, wima, kavu chini, hata chembe haikuanguka, kilichookwa kwa makaa yako. Akakishika kwa mkono, akakataa uma. Akakigeuza akatazama chini yake kama anayenunua sufuria. Akang'ata. Akatafuna muda mrefu, amefumba macho, na sisi sote tunatafuna naye midomo mitupu. Akameza.

"Kumbe ni hiki tu?" akasema.

Hakusema kwa furaha. Alikuwa amefumbua macho na yalikuwa yamejaa. "Nilikuwa msichana. Nilichovya kidole kwenye bakuli la yai la baba, nikalamba, nikaonekana. Nikachapwa mpaka nikakojoa. Kwa hiki?" Akang'ata tena, kwa hasira, kama anayelipiza. "Kwa hiki?" Halafu, na tonge bado mdomoni, akamgeukia mdogo wake. "Felisiani. Wewe umekula haya tangu unaota meno. Mbona hukuwahi kutuambia kwamba ni matamu hivi?"

Mjomba alisimama na mkoba wake. Nilimwona akitafuta jibu la mzee, halikuja. Likaja la mdogo mtu. "Hamkuniuliza," alisema.

Nyumba nzima ikapasuka. Hata yeye. Alikaa chini akacheka akijifuta kwa mkono wa koti, na Ma mkubwa akamwambia, "Kula na wewe, umekuja mbali," kisha akaninyooshea sahani. "Niongeze. Na hicho cha pembeni kilichokauka, hicho hicho, kina ladha." Mke wa Deo akaacha kucha zake akaja na sahani. Binamu zetu wakaja. Mama Shija alikula akisema kwao Usukumani wangeweka na maziwa ya mgando pembeni. Sikupata hata kipande, Mama. Nilikata, nikakata, nikabaki na makombo ya ukuta na yale nikayala nimesimama, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Jana Ma mkubwa alinipigia kutoka Muleba. Hakusalimu hata, amezeeka, anafanya anavyotaka. Akasema, "Yule kuku mweupe ametaga. Mjukuu alitaka apeleke sokoni, nimemwambia leo hapana. Linachemka hapa. Linachukua muda gani?" Nikamwambia dakika nane. Akasema ningoje naye kwenye simu. Tukangoja wote wawili, yeye anahema, mimi nahema, nikisikia maji yakichemka kwenye jiko lake la mawe. Kisha nikasikia ganda likivunjwa. Hakuniambia neno tena, alikuwa na kazi.

Bado nina hasira, sitakuficha. Siwezi kuwasamehe watu ambao wameshakufa wote, hawapo wa kuniomba. Lakini hasira yangu sasa ina mahali pa kwenda kufanya kazi, na unajua mimi nikipata kazi.

Basi lala, mama yangu. Lala na ahadi yako nzima, hukuivunja na hakuna atakayesema uliivunja. Krismasi nakuja Muleba na masufuria yangu na koleo, nitaokea uani kwa Ma mkubwa, na kila mwanamke wa ukoo atakayefika nitamweleza kilichomo na nitamuuliza. Nikimaliza nitakuja kaburini kwako, kule migombani. Sitakuletea kipande, najua ungekisukuma kwa kidole kimoja, na nimejifunza kukuheshimu hapo. Nitakuletea majina ya waliokula, nikutajie moja baada ya jingine, kwa sauti, wasikie na wale uliolala nao.

Mwanao,
Kemi